Kuongeza muda wa ukaazi Ulaya kwa aliyejiajiri mtandaoni: Ujerumani, Ufaransa, Hispania au Ureno?

Vijana wa Kigoma na Tabora wanaoandika programu za kompyuta, wanaotafsiri, wanaohariri video au wanaotunza hesabu za kampuni za nje kwa njia ya mtandao wanazidi kuongezeka, na swali lao kubwa wanapofikiria kuhamia Ulaya huwa ni nchi gani inayotoa viza ya muda mrefu kwa urahisi zaidi kwa mtu asiye na mwajiri. Swali hilo ni la haki, lakini linatazama mlango wa kuingilia peke yake. Viza ya kwanza hupimwa kwa vitu ulivyokuwa navyo kabla ya kusafiri, yaani taarifa za benki, mikataba na wateja, bima na hati ya tabia njema kutoka polisi. Ombi la kuongeza muda hupimwa kwa namna ulivyoishi baada ya kufika: umelipa kodi wapi, umechangia mfuko gani wa hifadhi ya jamii, bima yako ya afya ni ya mkaazi au ya mpita njia, na kipato chako kimekutosha mwezi hadi mwezi. Kwa sababu hiyo nalinganisha nchi nne kwa kuangalia zaidi mwaka wa pili na wa tatu, na habari za mwaka wa kwanza nazigusa pale tu zinapoathiri zile za baadaye.

Umbali nao unaingia katika hesabu. Anayekataliwa kuongezewa muda mara nyingi hulazimika kurudi nyumbani na kuanza upya ubalozini, na balozi za Ujerumani, Ufaransa na Hispania ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Mkazi wa Dar hupanda daladala asubuhi akarudishe fomu yenye kasoro, ilhali wa Ujiji au Urambo hupoteza siku kadhaa, nauli na malazi kwa kasoro ileile. (Ubalozi wa Ujerumani uko katika jengo la Umoja House, jirani na Mtaa wa Mirambo, hivyo anayetoka Tabora angalau jina la mtaa si geni kwake.)

Ujerumani: hakuna kiwango kilichoandikwa, lakini kuna kinga ya sheria

Kifungu cha 21 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, iitwayo Aufenthaltsgesetz, kinawagawa waliojiajiri katika makundi mawili, na mgawanyo huo ndio unaoamua mambo mengi ya baadaye. Kundi la kwanza ni la wenye biashara, ambao hutakiwa kuonyesha kwamba shughuli yao ina manufaa ya kiuchumi au inahitajika katika eneo wanalokwenda, na kwamba mtaji upo. Kundi la pili ni la wenye taaluma huru, ambao masharti yao ni mepesi zaidi. Sheria ya kodi ya mapato, katika kifungu chake cha 18, inawataja miongoni mwa wenye taaluma huru wahandisi, wanahabari, wakalimani na watafsiri. Mtafsiri wa Kiswahili kutoka Ujiji anaangukia humo moja kwa moja. Mwandishi wa programu anaweza kukubaliwa au kukataliwa kutegemea elimu yake na aina ya kazi anayofanya, na mwenye duka la mtandaoni ni mfanyabiashara, hata kama hana hata kabati la bidhaa.

Sheria haitaji kiasi cha fedha ambacho aliyejiajiri anapaswa kuingiza kwa mwezi. Wengine hulifurahia jambo hilo, lakini mimi naliona kuwa gumu, kwa kuwa ofisa hupiga hesabu yake mwenyewe: kodi ya nyumba, bima ya afya na matumizi ya maisha upande mmoja, faida iliyothibitishwa upande wa pili. Wakati wa kuhuisha kibali hutakiwa hati ya makadirio ya kodi ya mwaka uliopita, hesabu za faida na hasara za miezi ya karibuni, mara nyingi zikiwa zimethibitishwa na mshauri wa kodi, taarifa za benki, mkataba wa nyumba na uthibitisho wa bima. Aliyevuka miaka 45 wakati wa kuomba kibali kwa mara ya kwanza huulizwa pia kuhusu akiba ya uzeeni. Isitoshe, maofisa hutaka kuona kwamba una wateja ndani ya Ujerumani, kwa hiyo mtu ambaye wateja wake wote wako Marekani au Nairobi ajiandae kueleza kwa nini anahitaji kuishi Berlin.

Bima ya afya ndiyo huwaangusha wengi. Bima za bei nafuu zinazouzwa kwa wageni huweza kukubaliwa kwa viza ya kuingilia, lakini kibali kinapohuishwa ofisa huuliza kama bima hiyo inagharimia matibabu sawasawa na bima ya umma ya nchi hiyo. Aliyejiajiri anayetoka nje ya Ulaya kwa kawaida hawezi kuingia katika bima ya umma kwa hiari bila historia ya uanachama, na bima binafsi iliyokamilika ni ghali. Waandishi na wasanii wana njia nyingine, Künstlersozialkasse, mfuko ulioanza kazi mwaka 1983, ambao humlipia mwanachama takribani nusu ya michango yake ya afya na pensheni kama vile mwajiri anavyomlipia mfanyakazi wake. Mwenye kuandika au kuchora kwa kipato angeanza kuuliza habari za mfuko huo mapema, kwa kuwa uchunguzi wao wa maombi ni wa taratibu na wa kina.

Pamoja na ukali huo, Ujerumani ina kitu kimoja kinachoipandisha machoni pangu. Kifungu cha 81 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba anayeomba kuhuisha kibali kabla hakijaisha huhesabiwa kuwa bado anacho mpaka ofisi itoe uamuzi, pamoja na haki zake za kufanya kazi. Hupewa hati iitwayo Fiktionsbescheinigung, na kwa hati ya aina hiyo, akiwa pia na kibali chake cha zamani na pasipoti, anaweza kutoka na kurudi. Ofisi za uhamiaji za miji mikubwa zimejaa, Berlin ikiwa mfano unaojulikana, na miadi inaweza kuchelewa kwa miezi. Hata hivyo kuchelewa kwa ofisi hakumpotezei haki mwombaji, alimradi ombi lake liliingia kwa wakati na ana ushahidi wa tarehe. Barua pepe ya uthibitisho iliyotumwa siku tatu kabla ya kibali kuisha ina thamani kuliko maelezo marefu yaliyotumwa siku moja baadaye.

Ufaransa: viza mbili zinazofanana kwa jina, tofauti kwa hatima

Ufaransa inatoa viza ya muda mrefu inayohesabika pia kuwa kibali cha ukaazi, ijulikanayo kwa kifupi kama VLS-TS, na mwenye nayo lazima aithibitishe kwa mtandao ndani ya miezi mitatu tangu afike. Ufaransa haina viza maalumu ya wafanyao kazi mtandaoni, na hapo ndipo kosa kubwa hutendeka. Wengi huomba viza ya mgeni, kwa hoja kwamba wateja wao wako nje na hivyo hawachukui kazi ya Mfaransa yeyote. Viza hiyo hutolewa kwa ahadi ya kutofanya kazi nchini Ufaransa. Mwaka wa kwanza unaweza kupita kimya kimya, lakini siku ya kuhuisha mwombaji hutakiwa kuonyesha anaishi kwa fedha gani, na taarifa yake ya benki iliyojaa malipo ya ankara ndiyo inayomshitaki. Sioni sababu ya mtu anayefanya kazi kila siku kuanza na hati inayomlazimu afiche kazi yake.

Viza inayomfaa ni ile ya mjasiriamali au mwenye taaluma huru. Anayeipata husajili shughuli yake, wengi wakichagua utaratibu mwepesi wa micro-entrepreneur, na kutangaza mapato yake kwa Urssaf, taasisi inayokusanya michango ya hifadhi ya jamii, kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu. Kipimo cha kuhuisha ni cha wazi kuliko cha Ujerumani: shughuli iwe na uhai, na kipato kifikie walau kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 1,801.80 kwa mwezi kabla ya makato. Ugumu wake ni kwamba mwaka wa kwanza wa aliyejiajiri ndio huwa mkavu, na ndio huohuo unaopimwa. Wala jumla ya ankara si kipato, kwa sababu utaratibu wa micro-entrepreneur wenyewe huondoa asilimia 34 ya mauzo ya taaluma huru kama gharama kabla ya kutoza kodi. Mtu aliyepokea euro 1,900 kwa mwezi akadhani amevuka kiwango atashangaa hesabu ikipigwa upya mbele yake.

Ombi hupelekwa kwa mtandao kati ya miezi minne na miwili kabla ya kibali kuisha. Dirisha hilo ni jembamba, na atakayelikosa anaingia katika malumbano na ofisi ya mkoa yasiyo ya lazima. Akifanikiwa, thawabu yake ni kubwa, kwani anaweza kupewa kadi ya hadi miaka minne mfululizo, muda ambao hakuna nchi nyingine kati ya hizi nne inayoutoa kwa aliyejiajiri katika hatua hiyo. Sheria ya tarehe 26 Januari 2024 imeongeza sharti kwamba kuanzia Januari 2026 mwombaji wa kadi ya miaka mingi aonyeshe Kifaransa cha kiwango cha A2, yaani cha mazungumzo ya msingi. Hapa mtu wa Kigoma ana nafasi nzuri kidogo: waliokua wakifanya biashara na watu wa Bujumbura na Kalemie mara nyingi wana Kifaransa cha kuanzia, ambacho kwa wenzao wa pwani hakipatikani bila darasa.

Hispania: ofisi ya haraka, hifadhi ya jamii isiyosamehe

Hispania iliweka kibali maalumu cha wafanyakazi wa mbali kwa sheria ya 28/2022, iliyopitishwa Desemba 2022. Mwombaji aliyejiajiri anaonyesha kwamba amefanya kazi na mteja wake kwa miezi mitatu au zaidi, kwamba kampuni ya mteja ina umri usiopungua mwaka mmoja, na kwamba yeye mwenyewe ana shahada au uzoefu wa miaka mitatu. Anaruhusiwa kuwa na wateja wa Kihispania, ila mapato yao yasizidi asilimia 20 ya kazi yake yote. Viza inayotolewa ubalozini ni ya mwaka mmoja. Kabla haijaisha mwenye nayo huomba kibali cha hadi miaka mitatu akiwa palepale Hispania, na baadaye huongezewa miaka miwili miwili.

Maombi hayo hayaendi katika ofisi ya kawaida ya wageni, bali katika kitengo kinachoitwa UGE, ambacho kwa sheria kina siku 20 za kazi za kuamua, na kikinyamaza mpaka siku hizo zipite ombi huhesabiwa limekubaliwa. Kwa anayejua mwendo wa faili katika ofisi zetu, habari hii ni ya kustaajabisha. Ombi la kuhuisha lililowasilishwa kwa wakati pia huendeleza uhai wa kibali mpaka uamuzi utoke.

Ugumu uko kwingine. Kiwango cha kipato ni mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa Hispania, na kima hicho hupanda: euro 1,080 mwaka 2023, 1,134 mwaka 2024 na 1,184 mwaka 2025, kikilipwa mara 14 kwa mwaka. Aliyeingia akiwa amevuka kiwango kwa euro chache tu anaweza kujikuta chini yake wakati wa kuhuisha ingawa kipato chake hakijapungua hata senti. Ukijumlisha malipo hayo 14 na kuyagawa kwa miezi 12, kiwango cha mwaka 2025 kinakaribia euro 2,760 kwa mwezi, na mabadiliko ya thamani ya dola, ambayo ndiyo fedha wanayolipwa wengi wetu, nayo yaingizwe katika hesabu.

Jambo la pili ni hifadhi ya jamii. Mtu anayetoka nchi isiyo na mkataba wa hifadhi ya jamii na Hispania hujisajili huko kama autónomo, yaani aliyejiajiri, na kuchangia kila mwezi. Kwa miezi 12 ya mwanzo mchango ni takribani euro 80 tu, kisha unapanda kulingana na kipato. Miezi hiyo ya unafuu huwadanganya watu. Kodi ya nyumba na bei ya kumtoza mteja hupangwa kwa kuhesabu mchango wa euro 80, halafu mwaka wa pili mchango unaongezeka, deni linaanza kujikusanya, na kibali kinahuishwa kwa asiye na deni.

Ureno: masharti ya upole, foleni ndefu

Viza ya Ureno ya wafanyakazi wa mbali, iliyoanza tarehe 30 Oktoba 2022 na kujulikana kama D8, hudai kipato cha mara nne ya kima cha chini, yaani euro 3,480 kwa mwezi kwa mwaka 2025. Kwa kuingia, hiyo ndiyo ya juu kuliko zote hapa. Kibali cha kwanza ni cha miaka miwili na kinachofuata ni cha miaka mitatu, na wakati wa kuhuisha huangaliwa uwezo wa kujikimu, mahali pa kuishi, rekodi safi, na kutokuwa na deni la kodi wala la hifadhi ya jamii. Mchango wa aliyejiajiri ni asilimia 21.4 ya asilimia 70 ya mapato ya huduma zake, na miezi 12 ya kwanza husamehewa. Asikae nje ya Ureno zaidi ya miezi sita mfululizo, wala minane kwa jumla, katika uhai wa kibali, jambo ambalo wenye mazoea ya kurudi nyumbani kwa msiba wakakaa mpaka arobaini ipite wanapaswa kuliwekea kumbukumbu.

Tatizo la Ureno ni ofisi yenyewe. Shirika la zamani la uhamiaji, SEF, lilivunjwa Oktoba 2023 na kazi zake za vibali zikahamia AIMA, ambalo lilirithi mafaili yapatayo 400,000 yasiyoshughulikiwa. Serikali ilitangaza mara kadhaa kwamba vibali vilivyokwisha muda viendelee kutambuliwa ndani ya nchi, na hilo liliwanusuru wengi. Lakini kadi iliyoandikwa tarehe ya jana haimridhishi ofisa wa uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Mtu anaweza kuwa halali kabisa mjini Lisbon na bado akashindwa kupita Frankfurt akielekea nyumbani.

Kodi, na kwa nini Italia inatajwa

Tanzania ina mikataba ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili na nchi tisa: Kanada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Hakuna hata moja kati ya nchi nne tulizozilinganisha. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania, mwenye makazi ya kudumu hapa nchini huhesabiwa mkaazi wa kodi akikanyaga nchini sehemu yoyote ya mwaka, na asiye na makazi huhesabiwa hivyo akifikisha siku 183. Aliyejenga nyumba Mwanga, akaiacha ikiwa na mkewe na watoto, kisha akaja kuwaona likizo, anaweza kudaiwa pande mbili. Italia ilianza kutoa viza ya wafanyakazi wa mbali Aprili 2024, inayohuishwa kila mwaka, na mkataba wake na Tanzania unaifanya istahili kufikiriwa na mtu wa hali hiyo, ingawa kuhuisha kila mwaka ni kazi nzito.

Ningechagua ipi

Kwa mtafsiri, mwandishi au mhandisi aliye chini ya miaka 45 mwenye wateja wawili watatu wa Kijerumani, naichagua Ujerumani bila kusita, kwa sababu kinga ya kipindi cha kusubiri ina thamani kuliko wepesi wa kuingia. Kwa mwandishi wa programu anayelipwa vizuri na kampuni moja au mbili za Marekani, Hispania inamfaa zaidi, alimradi kipato chake kipite kiwango kwa nafasi ya kutosha na si kwa kuchungulia. Ufaransa naipa mtu mwenye Kifaransa na akiba ya kumvusha mwaka wa kwanza. Ureno ningemshauri asiyehitaji kusafiri mara kwa mara na mwenye moyo wa kusubiri barua isiyokuja.

Na kama kipato hakijafikia hata kimoja cha viwango hivi, Afrika Mashariki ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kukaa kama mgeni hadi miezi sita, na inatambua haki ya kujiajiri katika nchi nyingine mwanachama kwa kuomba kibali. Wapo wanaokaa Kigali au Nairobi kwa kuvuka mpaka na kurudi kila miezi sita inapokaribia kuisha. Njia hiyo haiwapi historia ya kodi wala ya ukaazi, na ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza.

Nyaraka za kuweka sawa kabla ya kuondoka

Sehemu kubwa ya matatizo ya mwaka wa pili huanzia katika steshenari ya hapa kwetu. Chukua mfano wa kawaida: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, pasipoti imeweka jina la babu kuwa la ukoo, akaunti ya benki imeanza na jina la baba, na ankara zinatolewa kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA. Ubalozini mtu hujieleza kwa mdomo akaeleweka. Ofisi ya kodi ya Hamburg au Valencia husajili herufi kama zilivyo, na miaka miwili baadaye ofisa wa uhamiaji anaona watu watatu tofauti: mmoja aliyelipwa, mwingine aliyelipa kodi na wa tatu anayeomba kibali. Kiapo cha majina mbele ya wakili, kilichothibitishwa baadaye na Wizara ya Mambo ya Nje, hugharimu kidogo kikifanyika Tabora kabla ya safari, na hugharimu sana kikitafutwa kwa simu kupitia kwa ndugu.

Pasipoti nayo itazamwe tarehe yake. Kibali kwa kawaida hakitolewi kuvuka uhai wa pasipoti, hivyo aliyebakiza mwaka mmoja na nusu atapewa muda mfupi hata kama sheria inaruhusu miaka mitatu. Tanzania ina balozi Berlin, Paris na Rome. Anayeishi Lisbon huenda akalazimika kusafiri hadi Paris kushughulikia pasipoti mpya, na kama kadi yake ya ukaazi imekwisha muda huku AIMA haijampa miadi, safari hiyo ndiyo hasa asiyoweza kuifanya kwa usalama. Heri aombe pasipoti mpya katika ofisi ya uhamiaji ya mkoa wake kabla hajapeleka fomu ya kwanza ubalozini, hata kama ya zamani bado ina miaka miwili.